Birika la Samaki na Majira ya Mwaka

Vitabu vya kufuga samaki wa mapambo, vilivyo vingi, vimeandikwa Ulaya. Mwalimu akivifungua apate kuwafundisha wanafunzi wake, jambo la kwanza atakalolikuta ni barafu: jinsi ya kuitoboa wakati wa baridi samaki wapate kuvuta pumzi, na mwezi gani mayungiyungi yatolewe majini na kuwekwa ndani ya nyumba yasife. Mafundisho hayo ni mema kwa watu wa Liège. Mtu wa Baraka hayamfai kitu, tena yaweza kumdanganya, maana akiona ya kuwa kwetu hakuna barafu atadhani kwamba hakuna majira pia, na ya kuwa birika la samaki likiisha kujazwa Januari litakuwa vile vile hata Desemba.

Sisi wa Fizi na Baraka twakaa nyuzi nne na kidogo kusini ya Ikweta. Jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, kadiri ya tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Na siku iliyo ndefu kuliko zote haiishindi ile fupi ila kwa nusu saa hivi. Kwa hiyo mimea yetu ya majini hailali kwa sababu ya giza wala baridi. Yungiyungi la porini hulala pale kidimbwi chake kinapokauka, nalo hungoja ndani ya matope mpaka mvua irudi. Ukilipa maji mwaka mzima litachanua mwaka mzima. Majira yetu ni ya mvua na upepo: mvua tangu Septemba au Oktoba hata Mei, kisha kiangazi cha Juni, Julai na Agosti, pamoja na ule upepo wa kusi unaochafua ziwa nje ya Rasi ya Ubwari. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama samaki wako wataishi.

Birika ninalolisema ni la saruji, limejengwa uani karibu na darasa au nyumba, urefu wake mita mbili, upana mita moja, kina sentimita 60. Maji yake ni lita 1,200. Chini mna mchanga na udongo kidogo. Mna mayungiyungi mawili matatu, na yale majani marefu kama utepe ambayo kila mtoto wa pwani ameyaona yakiyumba ziwani penye mchanga, ambayo wataalamu huyaita Vallisneria. Samaki ni wadogo, nao hawazidi ishirini. Sisemi habari za bwawa la chakula. Hilo lina historia yake: kabla ya uhuru wa mwaka 1960 serikali ya Kibelgiji ilihimiza mabwawa ya tilapia katika Kongo nzima, kituo cha Kipopo karibu na Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kikiwa mwalimu wao, mabwawa yakahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na baadaye yaliyo mengi yakaachwa yakaota matete. Birika letu ni dogo kuliko hayo, na kwa sababu ni dogo huumizwa upesi na majira.

Mtu akiamka asubuhi akawakuta samaki wake wote wamegeuza matumbo juu, mara nyingi husema, “Jirani ametia sumu.” Mwingine husema wamelogwa. Tumeona jamaa wakiacha kusalimiana kwa maneno ya namna hiyo, na kwa mambo madogo kuliko samaki ishirini. Yafaa basi tuutazame usiku ulivyopita ndani ya birika.

Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka majini, iitwayo oksijeni, nayo si nyingi. Maji ya nyuzi 20 za sentigredi yaweza kushika miligramu 9 hivi katika lita moja. Ya nyuzi 30 hushika saba na nusu tu. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari, na kwetu tulio juu yake hupungua tena. Maji yakipata joto samaki huhitaji pumzi zaidi, na wakati ule ule maji huwa na pumzi kidogo zaidi. Mchana mimea hutengeneza hewa hiyo kwa nguvu za jua, hata utaona viputo vikipanda kutoka majanini. Jua likichwa kazi hiyo hukoma, lakini kuvuta pumzi hakukomi: samaki wavuta, konokono wavuta, matope yanayooza yavuta, na mimea yenyewe, ile ile iliyokuwa ikitoa hewa mchana, nayo huvuta usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri akiba iko chini kabisa. Mwenye birika lililosongwa na majani hata maji hayaonekani hufurahi akidhani kuwa ametajirika. Kumbe ameongeza walaji wa usiku. Nusu ya uso wa maji iachwe wazi daima, na atakayeacha theluthi mbili atalala vizuri zaidi.

Sasa weka majira juu ya hesabu hiyo. Katikati ya masika mawingu yaweza kukaa siku tatu bila jua kuonekana vizuri. Mimea hutoa hewa kidogo mchana, na usiku ni wa joto. Asubuhi ya kwanza samaki watavumilia, na ya pili pia. Ya tatu ndiyo asubuhi ya matumbo juu, na jirani aliyeshtakiwa alikuwa amelala kitandani mwake.

Iko namna nyingine iliyo ya ghafula zaidi. Siku ya jua kali maji ya juu hupata moto, yakawa mepesi, yakalala juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo. Huko chini majani makavu yanaoza, na pumzi imekwisha zamani. Alasiri hunyesha mvua ya radi. Maji yake ni baridi na mazito, hushuka mpaka chini na kuyainua yale mabovu. Kwa robo saa birika zima limechanganyika, na kile kilichokuwa haki ya tabaka la juu sasa kimegawanywa kwa wote na kuliwa na uozo. Kwa hiyo mvua za kwanza, za Septemba na Oktoba, ni za hatari kuliko zile za Machi: kiangazi kizima majani ya mwembe, vumbi na majivu ya moto wa milimani yamekuwa yakikusanyika chini. Mwenye akili huzoa sakafu ya birika lake mwishoni mwa Agosti, kabla mawingu hayajaanza kujenga juu ya Itombwe.

Ukiwakuta samaki wameinua midomo juu ya maji, nao konokono wamepanda ukutani, bado una nafasi. Toa theluthi ya maji, utie mengine safi ukiyamwaga kutoka juu kwa ndoo, ili yapasuke na kuchukua hewa. Yaliyobaki uyateke na kuyamwaga tena na tena kwa muda wa nusu saa. Usiwape chakula siku hiyo wala ya pili yake. Pampu ya umeme ingefanya vile vile, lakini ndoo kila nyumba inayo.

Labda utauliza kama si vema kuelekeza mfereji wa paa ndani ya birika, maji yapatikane bure. Tufanye hesabu. Mvua moja kubwa ya milimita 50 ikiangukia birika lenyewe huongeza sentimita 5 tu. Lakini mvua hiyo hiyo juu ya bati la mita 40 za mraba huleta lita 2,000, na birika lako ni la lita 1,200. Kwa saa moja samaki wamehamishwa katika maji mengine kabisa, nao hawakuhama. Jambo hili huwaua hasa samaki waliotoka ziwani. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi na ukali wa magadi, ambao kwa kipimo cha wataalamu hukaribia 9. Maji ya mvua hayana kitu. Vijana wa pwani hupenda kuwatia birikani wale samaki wadogo wa mawe wenye mistari, ambao watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi. Samaki hao wamezoea ziwa ambalo joto la juu yake hubadilika kwa nyuzi tatu au nne tu kwa mwaka mzima. Birika dogo la uani huweza kubadilika hivyo kati ya alfajiri na alasiri. Mimi naona waachwe katika mawe yao. Wa vijito, waliozoea kupanda na kushuka kwa maji, huvumilia zaidi, nao wanapatikana kwa kikapu.

Kiangazi kina shida ya namna nyingine. Jua na upepo vyaweza kuchukua milimita 5 hivi za maji kila siku. Ni kama si kitu, ila kwa mwezi ni sentimita 15, na kwa miezi mitatu ni 45, nalo birika lina 60 tu. Maji yanayopotea huondoka peke yake. Chumvi na uchafu wa samaki hubaki, vikizidi kukolea. Kujazia tu hakutoshi basi, yapasa kila juma kutoa sehemu ya maji ya zamani, yamwagiwe migomba, ndipo utie mapya. Milimita 5 katika birika letu ni lita 10, nusu ya bidoni kila siku. Nani atalibeba? Wakati wa kiangazi foleni ya bombani huanza kabla ya mapambazuko, na waliosimama humo ni akina mama na wasichana. Ikiwa msichana atachelewa darasani ili birika la mwalimu lisikauke, heri likauke. Liezekwe makuti ya mawese tangu Juni, upande wa kusi na upande wa jua la alasiri, na mayungiyungi yaachwe yatandaze majani zaidi kuliko wakati wa mvua, maana usiku wa kiangazi ni wa baridi na upepo, na pumzi haipungui upesi. Hivyo maji yatakayopotea ni machache.

Hapa watu wa Fizi na watu wa Baraka huachana njia. Joto la hewa hupungua kadiri ya nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Fizi iko milimani, Baraka iko kando ya ziwa ambalo hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Alfajiri ya Julai birika la Baraka lingali vuguvugu, lakini la Fizi laweza kushuka chini ya nyuzi 20. Tilapia hupenda nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo na huacha kukua, ijapokuwa hafi mpaka baridi ishuke karibu na nyuzi 10. Samaki aliyeganda hivyo akipewa chakula kama kawaida, chakula huanguka chini na kuoza. Fizi, miezi hiyo, chakula kitolewe saa nane mchana na si asubuhi, tena nusu ya kawaida. Na ndugu zetu wa nyanda za juu za Itombwe wasilaumu mbegu waliyopewa samaki wakibaki wadogo; ni mahali pa baridi.

Ule upepo wa kusi tunaoulaani kwa vumbi lake una kazi kubwa kuliko yote niliyoyataja, nayo ni ziwani. Ziwa Tanganyika ni birika lile lile kwa kipimo kingine. Kina chake ni mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake lililo na kina zaidi. Maji ya juu yana nyuzi 25 mpaka 28 hivi, ya chini 23 na kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini yatosha kuyazuia yasichanganyike, na toka kadiri ya mita 100 upande wetu wa kaskazini, au mita 200 na zaidi kusini, hakuna pumzi wala samaki. Huko ndiko mbolea ilikolala, kwa kuwa kila kinachokufa juu huzama huko. Tangu Mei hata Septemba kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, ya chini hupanda kushika mahali pake. Upepo ukikoma yale yaliyolundikana hurudi, ziwa likawa lapembea ndani kwa ndani, kila mpembeo majuma kadhaa, wala aliye mtumbwini haoni neno. Mbolea ikifika penye jua, vijimea visivyoonekana kwa macho huongezeka; wadudu wadogo huvila, ndagala huwala wadudu, na mgebuka, ambaye Uvira na Bujumbura huitwa mukeke, huwala ndagala. Sahani ya jioni Baraka hutegemea upepo uliovuma miezi iliyopita.

Ziwa likizidi kupata joto, tabaka la juu huwa jepesi zaidi na upepo hushindwa kulivunja. Mwaka 2003 Catherine O’Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba jambo hilo limekwisha kuanza. Wakakadiria ya kuwa ukuaji wa vijimea umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo waweza kuondoa asilimia 30 hivi ya samaki. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, waliosoma mabaki ya samaki katika matope ya sakafu ya ziwa, walionyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuingia katikati ya karne ya 20. Hayo hayaondoi hatia ya nyavu za macho madogo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapumzike, na mwenye watoto wa kulisha alijua uzito wa miezi hiyo mitatu. Lakini mzee wa pwani akisema kwamba samaki wamepungua kwa sababu upepo umebadilika, vijana wa shule wasimcheke. Ameliona kwa macho lile ambalo wengine walilipima kwa vyombo.

Turudi uani. Birika lisilo na samaki hai ni kitalu cha mbu. Wako wa namna mbili wanaotuletea malaria hasa: mmoja hupenda vidimbwi vya muda vilivyo juani, kama nyayo za ng’ombe baada ya mvua, wa pili, ambaye wataalamu humwita Anopheles funestus, hutafuta maji yakaayo, yenye majani kandokando. Huyu wa pili, birika letu ni jumba lake. Samaki wadogo wakiwa hai hula mabuu yake. Wakifa siku ya mawingu na mwenye birika asijali, juma moja au mawili yatosha yai kuwa mbu mwenye mabawa, na watakaolipa ni watoto walalao chumba cha karibu. Basi samaki wakifa, watiwe wengine upesi au maji yamwagwe siku ile ile. Konokono nao huja na majani yaletwayo kutoka ziwani, na wako wanaochukua kichocho. Konokono peke yake hana ugonjwa. Huupata maji yakiingia mkojo au choo cha mgonjwa. Watoto wasioge wala kukojoa humo, na maji ya uani yasiingie. Ukuta wa birika usimame shubiri mbili juu ya ardhi.

Kuna gugu moja zuri la maua ya zambarau ambalo wengi hulitamani: magugu maji. Lisiletwe. Wala samaki wa kigeni wasiletwe karibu na pwani. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu, kutoka Bujumbura na Uvira hata Kalemie. Birika lolote lililokuwa njiani lilimwaga vilivyomo ndani ya ziwa. Tanganyika ina zaidi ya jamii 200 za samaki wa ukoo mmoja na tilapia, karibu wote hawapatikani penginepo duniani, na mgeni akiisha kuingia hatolewi tena.

Atakayelijenga birika na alijenge Agosti, mafundi wakiwa hawana mvua ya kuwazuia. Saruji mpya hutoa chokaa kali inayoua samaki, nayo huondoka kwa kujaza na kumwaga mara nyingi. Mvua za Septemba na Oktoba zifanye kazi hiyo, hapo ndipo mfereji wa paa uelekezwe birikani bila hofu. Novemba mfereji uondolewe, udongo na mimea vitiwe, vikae majuma sita au saba vikishika mizizi. Samaki waingie mwisho, Januari, mvua zikipungua kidogo. Watano kwanza, na wakifika Machi wote wakiwa hai, ndipo uongeze wengine.